Kisogo na Lori la Viuno Viwili

Watu wengi hujulikana kwa uso. Yeye alijulikana kwa kisogo, maana ndicho kilichoonekana saa zote za kazi: kichwa kimetoka nje ya dirisha la lori, kimegeukia nyuma, na aliyesimama mbele ya gari hakubahatika kuona hata pua. Wapakiaji wa kiwanda cha unga wakamwita Kisogo, jina likamganda, na hata mkewe akikasirika alimwita hivyo hivyo mbele ya wageni.

Kazi yake ilikuwa moja tu, kurudisha malori nyuma. Usicheke. Kiwanda kile kilijengwa na watu waliodhani unga utabebwa kwa mikokoteni mpaka mwisho wa dunia, kwa hiyo uwanja wake ulikuwa mwembamba na umepinda katikati. Upande mmoja ukuta wa ghala, upande wa pili kibanda cha mlinzi, na huko mwisho jukwaa la kupakia, ambalo lori liliingia likiacha upana wa kiganja kila ubavu. Madereva waliovuka mito na milima, watu wenye sauti nzito na matumbo ya heshima, wakifika langoni walizima injini, wakashuka na kumkabidhi Kisogo ufunguo bila ubishi. Yeye hupanda, hutoa kichwa nje, na mkia wa lori huingia jukwaani polepole hata paka aliyelala pale haamki.

Kwenda mbele hakukujua sana. Mkewe alipenda kuwaambia majirani kwamba ameolewa na dereva ambaye maisha yake yote hajafika popote. Hilo halikumuuma. Kilichomnyima raha kilikuwa kimoja: chumba cha kushonea midomo ya mifuko. Huko ndiko walikopelekwa waliozeeka na walioharibu, wakae kwenye stuli, watazame mbele, mifuko ipite na mashine iungurume mpaka siku ya kustaafu. Kisogo akipita mlango ule aliongeza mwendo. Uwanja ulikuwa wake, na nje ya uwanja alijiona si mtu wa kazi yoyote.

Siri yake aliisema wazi kwa yeyote aliyeuliza, kwa kuwa alijua hakuna atakayeiweza. Malori yaliyokuja pale yalikuwa ya kichwa na trela, na baina yao kiungo kimoja. Kwenye lori la namna hiyo, ukirudi nyuma, mambo hugeuka: ukitaka mkia uende kushoto, usukani uzungushe kulia; ukitaka uende kulia, zungusha kushoto. Mikono yake ilikuwa imeizoea kanuni hiyo mpaka haikumuuliza tena. Mazoea yana taabu, lakini. Siku mkewe alipotaka kitanda kihamishwe, Kisogo alikisukuma kwa kanuni ya uwanjani akakipeleka moja kwa moja kwenye kabati la vyombo.

Pale langoni palikuwa na mlinzi, wanamwita Kamanda. Alikuwa mtu mnyoofu, mwenye buti zinazong'aa, na kasoro yake ilikuwa moja: kulia na kushoto hakuvijua. Alipiga saluti kwa mkono wa kushoto. Mgeni akimuuliza ofisi iko wapi, Kamanda humwelekeza kwa adabu zote, na mgeni hujikuta chooni. Alipenda sana kuongoza malori, akisimama nyuma ya trela na kupaza sauti, "Kulia! Kulia kidogo!" huku mkono wake ukielekea huko huko kwenye makosa. Hakuna dereva aliyemsikiliza. Kisogo ndiye aliyekuwa hodari wa kutomsikiliza, kwa kuwa alifanya hivyo tangu wote wawili wakiwa vijana.

Nyumbani kulikuwa na vita vya aina nyingine. Mdogo wa mkewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa amehamishiwa shule ya karibu akapewa chumba cha uani, na kwa kuwa ni shemeji alikuwa na kibali kamili cha kumtania. Jioni moja kitinda mimba wa Kisogo, aliyekuwa akifanya kazi za shule mezani, alisoma kwa sauti kwamba hasi mbili mara hasi tatu ni chanya sita. Kisogo akaweka kijiko chini. Akauliza nani kasema. Akaambiwa ni shemeji yake. Akasema basi ndiyo maana watoto wa siku hizi hawana akili.

Hoja yake ilikuwa hivi. Hasi ni upungufu, ni shimo. Shimo ukilizidisha kwa shimo unapata handaki, hupati kilima.

"Ukitia chumvi kwenye chumvi, shemeji, utapata sukari?"

Mwalimu akamjibu kwamba hapo amejumlisha, hakuzidisha. Hasi ukiijumlisha na hasi kweli unazidi kuzama, na hilo hakuna anayelibishia. Kuzidisha ni habari nyingine. Kisogo akasema chumvi ni chumvi, akaendelea kula.

Lakini mwalimu yule hakuwa mtu wa kushindwa na mwanafunzi mzito, na huyu alikuwa mzito kuliko wote aliowahi kufundisha. Kesho yake alichukua chaki akaandika kwenye ukuta wa uani. Tatu mara hasi mbili, hasi sita. Mbili mara hasi mbili, hasi nne. Moja mara hasi mbili, hasi mbili. Sifuri mara hasi mbili, sifuri. Akamwonyesha kwamba kila namba ya kwanza ikipungua moja, jibu linapanda mbili. Basi tukiteremka chini ya sifuri, tufike hasi moja, jibu litafanya nini? Litaacha kupanda kwa kumwonea Kisogo haya? Si litafika chanya mbili? Kisogo aliutazama ukuta kwa muda mrefu, akasema jibu limetoka mbali, limefika sifuri limechoka, lipumzike.

Mwalimu akajaribu pipa la maji. Lilikuwa linavuja, maji yakipungua vidole viwili kila saa. Akauliza: saa tatu zijazo maji yatakuwa wapi? Kisogo akasema chini, kwa vidole sita. Na saa tatu zilizopita yalikuwa wapi? Juu, kwa vidole sita. Mwalimu akapiga makofi. Kupungua ni hasi mbili, kurudi nyuma saa tatu ni hasi tatu, na vidole sita vya juu ndivyo chanya sita, hivyo ametoa jibu kwa mdomo wake mwenyewe. Kisogo akasema hiyo si hesabu, hiyo ni historia, na je, mtu anajua pipa linavuja siku zote hizi na hasemi? Akaenda kuliziba kwa kipande cha mpira, na mfano ukafa palepale.

Mwisho mwalimu akamsimamisha katikati ya sebule. Akamwambia alama ya hasi ichukue kama amri, inasema "geuka". Geuka mara moja: unatazama mlango wa uani. Geuka tena: sasa unatazama wapi? Kisogo akasema anasikia kizunguzungu na anataka kukaa. Mkewe, aliyekuwa akichambua mchele, alicheka mpaka nusu ya mchele ikamwagika.

Nyani haoni kundule. Mtu huyu alishinda kutwa nzima akigeuza kulia ili aende kushoto, riziki yake yote imetoka kwenye hasi, kisha akirudi nyumbani anakana kwamba hasi ina kazi yoyote duniani.

Basi siku moja likaingia lori jipya. Hili halikuwa kichwa na trela tu. Lilikuwa lori kamili lenye mwili wake, na nyuma limefungiwa trela la kukokotwa lenye mti mrefu mbele. Palikuwa na kiungo pale mti ulipofungwa kwenye lori, na kiungo kingine chini ya trela, kwenye magurudumu yake ya mbele yaliyogeuka pamoja na ule mti. Wapakiaji walilizunguka wakalipa jina hapo hapo, Viuno Viwili. Meneja, mwanamke kijana aliyependa mambo yaende haraka, alitangaza kwamba malori yote ya kiwanda yatakuwa ya aina hiyo, kwani yanabeba mara mbili. Dereva akashuka, akampa Kisogo ufunguo kama desturi.

Kisogo akapanda. Kichwa nje. Mkia ulitakiwa uende kushoto kidogo, mikono ikazungusha kulia yenyewe. Mkia ukaenda kulia. Akashangaa, akazidi kuzungusha kulia. Mkia nao ukazidi kulia. Kamanda alikuwa huko nyuma akipaza sauti zake, hakuna aliyemjali. Trela likaingia kwenye marundo ya mifuko iliyongoja kupakiwa, mifuko ikapasuka, na wingu la unga likapanda mpaka paa la ghala. Lilipotua, kioo cha pembeni cha lori kilikuwa kimevunjika, paka alikuwa mweupe, na meneja, aliyekuja kushuhudia lori lake jipya likiingia, alikuwa mweupe kuliko paka.

Meneja hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Kisogo. Alijipangusa macho, akasema kwa upole, "Mzee wangu, siku zote hukosei. Lakini hili ukishindwa kuliingiza mpaka mwisho wa wiki, nitakutafutia kazi ya kukaa." Kila mtu pale alijua kazi ya kukaa ni ipi.

Kisogo alirudi nyumbani. Mkewe alipomwona alivyopakwa unga alitaka kucheka, akamtazama tena, akaacha. Alimletea maji ya kunawa, na baada ya chakula akamwambia aseme kilichotokea, maana mficha uchi hazai. Kisogo akakisema chote. Mwalimu akaleta viberiti viwili, vijiti na kipande cha uzi, akamwomba aunde lori lile mezani. Waliunda. Mwalimu akakirudisha nyuma kiberiti cha mbele polepole, mkia wake ukiwa unaelekea kushoto. Ule mti ukajikunja, magurudumu ya mbele ya trela yakaenda kulia. Na mkia wa trela ukaja kushoto. Akarudia. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba kiungo kimoja kinageuza, kiungo cha pili kinageuza kilichogeuzwa.

"Ni hasi mara hasi, shemeji. Hapa huhitaji kinyume. Unakotaka mkia uende, mkono uende huko huko."

Kisogo aliona kwa macho yake. Hakusema kwamba ameona. Alisema viberiti si malori, akaenda kulala.

Siku zilizofuata alijaribu kimyakimya wakati wapakiaji wanakula. Kichwa kilijua, mikono ilikataa. Akiiambia mikono "kushoto", inaitika, kisha mkia ukianza kusogea mikono inakumbuka ukubwa wake na kuzungusha kulia. Samaki mkunje angali mbichi, na mikono ya Kisogo ilikuwa imekauka miaka mingi. Akaanza kupita karibu na chumba cha kushonea bila kuharakisha, akaitazama stuli moja iliyokuwa tupu.

Siku ya mtihani ikafika. Meneja akasimama mbali kidogo safari hii, amevaa koti la zamani. Kioo kipya cha pembeni kilikuwa hakijaletwa, na upande ule Kisogo hakuona kitu. Meneja, aliyekuwa hajaijua kasoro ya Kamanda, akasema hakuna kurudi nyuma kwa kubahatisha. Kamanda aongoze na dereva afuate sauti yake. Wapakiaji wakatazamana. Mmoja alisogeza mifuko ndani zaidi ya ghala.

Mkia ulitakiwa uende kushoto. Kamanda akanyoosha mkono kwa fahari akapaza sauti, "Kulia!"

Kisogo, aliyekuwa hana la kufanya, akaamini. Mkia uende kulia, akajisemea, na mikono ikafanya ilichozoea, ikazungusha kushoto. Mkia ukaenda kushoto. "Kushoto!" akaita Kamanda pale mkia ulipotakiwa kulia, mikono ikazungusha kulia, mkia ukaenda kulia. Kwa namna hiyo, makosa kwa makosa, Viuno Viwili likaingia jukwaani. Wapakiaji walishangilia. Kamanda alipiga saluti ya mkono wa kushoto. Kisogo akashuka kwa madaha, na alipoulizwa amejifunza lini akasema kazi huwa haimtupi mwenyewe.

Nyumbani alisimulia mara mbili. Mara ya pili mwalimu alimkatiza kwa maswali: Kamanda alisema nini, mkono ukaenda wapi, mkia ukaenda wapi. Kisha akainamisha kichwa mezani, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka kwa kicheko. Akasema Kamanda ni hasi, na Kisogo ni hasi, na uwanja mzima wa kiwanda umekuwa ubao wake wa kufundishia. Kisogo alitangaza kwamba hasi hawezi kuwa yeye, ikibidi iwepo hasi basi ni Kamanda peke yake. Mwalimu akamuuliza: kama Kamanda peke yake ndiye aliyekosea, lori limeingiaje? Kisogo akasema liliingia kwa baraka.

Mambo yakaenda hivyo muda mrefu. Malori mapya yakaja, yote ya viuno viwili, na kila mara Kisogo aliomba Kamanda aitwe. Madereva wakastaajabu: mtu ambaye hakumsikiliza Kamanda tangu ujana sasa hagusi ufunguo mpaka Kamanda asimame nyuma. Kamanda naye alinawiri. Alizing'arisha buti maradufu, akaanza kuja kazini mapema, akawaeleza watu langoni kwamba bila yeye kiwanda kingesimama. Alisema kweli, maskini, ingawa hakujua ni kweli kwa namna gani. Kisogo alijua. Kila alipokuwa peke yake bafuni alijua, na kila alipotoka bafuni alisahau.

Meneja, kwa wema tu, ndiye aliyeharibu. Aliona mlinzi hodari namna hii hajawahi kupewa mafunzo yoyote, akampeleka kwenye kozi ya usalama kazini.

Huko alikutana na mkufunzi mpole ambaye alimfunga utepe mwekundu kwenye mkono wa kulia akamwambia: huu. Ni huu tu, mwingine ni ule wa pili. Hakuna aliyewahi kumweleza kwa upole namna hiyo. Nyumbani kwao walimcheka, shuleni walimchapa, kazini walimwacha apige kelele zake. Alirudi ametulia. Alipiga saluti kwa mkono wa kulia. Mgeni alimuuliza ofisi iko wapi, naye akatazama utepe, akaelekeza, mgeni akafika ofisini. Kamanda akamfuata mpaka mlangoni kuhakikisha, akarudi akitabasamu peke yake. Alimwambia Kisogo kwamba mkewe amempikia chakula cha sherehe. Kisogo akampongeza kwa dhati, hakufikiri zaidi ya hapo.

Akapanda lori. Mkia ulitakiwa uende kushoto. Kamanda akatazama utepe, akanyoosha mkono ule wa pili, akaita, "Kushoto!"

Mikono ikazungusha kulia. Mkia ukaenda kulia, kule kilikokuwa kibanda cha mlinzi. "Kushoto! Kushoto, ndugu yangu!" Kisogo akazidi kutii kwa njia yake, na kadiri alivyotii ndivyo mkia ulivyozidi kulia. Kibanda kililalia ubavu bila haraka. Birika likabingirika, redio ikaendelea kusoma matangazo ya vifo kutoka chini ya mabati. Hasi ilikuwa imebaki moja, na hasi ikibaki moja jibu lake ni lile lile la siku zote.

Meneja alifika akikimbia. Aliangalia kibanda, akaangalia trela, akamgeukia Kamanda. Wote pale walimjua Kamanda na historia yake, na wote walikuwa na jibu tayari. Meneja alisema amempeleka kozi awe bora, kumbe amemharibu; mtu asiyejua mkono wake hawezi kulinda lango la watu. Akamwambia avue sare, aende nyumbani.

Kamanda hakujitetea. Aliinua mkono akautazama ule utepe mwekundu, kisha akautazama mkono wa pili, kisha akaurudia ule wa kwanza. Uso wake ulibadilika. Hakuwa na uhakika tena. Vidole vyake vikaanza kuufungua utepe.

Kisogo alikuwa bado kwenye kiti cha lori. Angeweza kukaa kimya, na hakuna ambaye angejua. Ufunguo ungebaki wake. Angesema apatiwe mwongozaji mwingine, na siku ya kujaribu angetafuta kisingizio kingine. Njia hiyo aliiona yote, tena nyeupe. Vilevile aliviona vile vidole vikihangaika na fundo. Akajisikia vibaya kuliko alivyojisikia siku ya unga, akafungua mlango akashuka.

"Usiufungue," akasema. "Huo ndio mkono wa kulia. Kamanda amesema sawa, mama. Ni mimi."

Meneja akamuuliza ni yeye vipi, ilhali siku zote aliingiza malori kwa sauti ya huyu huyu. Hapo Kisogo akalazimika kueleza jambo aliloliita upuuzi mbele ya familia yake yote. Alieleza vibaya, akirudia rudia, jasho likimtoka. Alisema mikono yake inageuza kila inachoambiwa. Akisikia kulia inapeleka kushoto, na haikubali kufunzwa. Zamani Kamanda naye alikuwa akigeuza. Yeye anageuza, na huyu anageuza, kwa hiyo kilichogeuzwa kikageuzwa tena kikarudi sawa, na wote wakadhani wao ni mafundi. Sasa mwenzake amenyooka. Aliyebaki amepinda ni mmoja.

"Hasi mara hasi ni chanya," akasema, na maneno hayo yalimtoka kwa taabu. "Na hasi mara chanya ni kibanda. Huyu amekuwa chanya, mama. Hasi ni mimi."

Wapakiaji walisogea karibu. Mmoja wao alihesabu kwa vidole, akahesabu upya, akatikisa kichwa akikubali. Meneja alimtazama Kisogo, kisha akatazama upande wa chumba cha kushonea, na Kisogo akaona alikotazama.  Kisogo alikuwa tayari ameutoa ufunguo, ameuweka kwenye kiganja.

Meneja hakuupokea. Alisema kibanda kimeshaanguka na hakiwezi kuanguka zaidi, kwa hiyo apande tena. Kisha akampa sharti moja: asifikirie mkia kabisa. Asitazame nyuma. Asikie neno, na neno likisema kulia, usukani uende kulia, basi.

Kisogo akapanda. Kwa mara ya kwanza tangu aingie kiwanda kile alirudisha kichwa chake ndani ya dirisha, akatazama mbele, na wapakiaji waliokuwa mbele ya lori wakauona uso wake, nao wakashangaa kwamba alikuwa na masharubu. Aliwasha injini. Huko nyuma Kamanda alikaza fundo kwa meno, akapangusa macho, akasimama wima. Kisha akaita.

"Kushoto."

Mikono ikataka kwenda kulia. Kisogo aliikaza mpaka mishipa ikamsimama shingoni, akaipeleka kushoto, ikaenda inanung'unika. "Kushoto tena." Kushoto. "Nyoosha." Akanyoosha. "Kulia kidogo, ndugu yangu." Kulia kidogo. Hakuona chochote isipokuwa lango na barabara mbele yake, na kila nukta alingoja mlio wa bati. Haukuja. Alisikia mpira wa ukingo wa jukwaa ukigusana na trela, kisha injini yake mwenyewe tu.

Aliposhuka alikuta wapakiaji wameshaanza kufungua milango ya trela, maana kazi haingoji hisia za mtu. Kamanda alikuwa bado amesimama pale pale nyuma, mkono wenye utepe umenyooshwa, kama amesahau kuushusha. Kisogo alimwendea kumwomba radhi kwa kibanda. Kamanda hakuwa akifikiria kibanda.

"Maisha yangu yote naelekeza watu," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza mtu ameenda nilikomwonyesha."

 Kisogo akaushika ule mkono akaushusha taratibu, na wawili hao wakaenda kuinua bati.